Je, Wajua? Wati 5 Zatosha Chumba cha Kipevu

Je, wajua kwamba mtambo wa umeme wa Kipevu III, Mombasa, uliozinduliwa mwaka 2011 ukiwa na uwezo wa megawati 120, ungeweza kuwasha amplifaya ndogo za gita milioni 3 kwa mpigo? Nazungumzia zile za valvu, za wati 5, ambazo fundi hodari huziunda mwenyewe mezani. Kila moja hula kama wati 40 kutoka ukutani na kutoa 5 tu kwenye spika. Zilizobaki zote ni joto. Utadhani Mombasa ilikuwa na upungufu wa joto.

Je, wajua valvu ni kitu gani hasa? Ni kichupa cha kioo kilichofyonzwa hewa. Ndani yake kathodi hupashwa moto mpaka elektroni zianze kuiruka, zikikimbilia bamba lenye volti nyingi. Mwingereza John Ambrose Fleming alisajili ya kwanza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaanza kutia wavu katikati ya njia, na hapo ndipo muziki wa umeme ulipopata mlango. Wavu ule ni kama askari wa geti la bandarini: anainua mti kwa mkono mmoja, lori la tani 30 linapita. Mtikisiko dhaifu wa nyuzi za gita ndio mkono wa askari, na umeme wa volti 300 ndio lori.

Je, wajua amplifaya kamili yaweza kuwa na valvu tatu tu? Fender Champ ya Marekani, mfano wa miaka ya 1950 ambao waundaji wa nyumbani bado wanauiga, ina 12AX7 ya kukuza sauti ya gita, 6V6 ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kugeuza umeme wa kupishana kuwa wa moja kwa moja. Kuzipasha moto hizo tatu peke yake kunakula wati 15 hivi, kabla hujagusa uzi hata mmoja.

Je, wajua wati 50 hazina kelele mara 10 kuliko wati 5? Sikio letu halihesabu hivyo. Zidisha nguvu mara 10, nalo litakuambia sauti imeongezeka kama maradufu tu. Spika ya kawaida ya gita ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 95 ukiwa umbali wa mita 1. Kwa wati 5 inafika 102. Sasa chukua nyumba ya Kiswahili ya Changamwe, vyumba sita vinatazamana ukumbini, kuta haziendi mpaka kwenye mabati, jirani katoka zamu ya usiku bandarini na mtoto wa chumba cha tatu ana mtihani. Hapo wati 5 ni nyingi. Wapo wanaounda za nusu wati, na mimi siwacheki.

Kwa nini basi wasinunue kubwa na kuipunguza? Kwa sababu utamu wa valvu uko pale inapozidiwa. Ikisukumwa hadi mwisho wa uwezo wake haikati wimbi ghafla kama transista, bali hulikunja taratibu, na sauti hunenepa na kukwaruza kidogo. Kubwa itakufikisha hapo baada ya mzee wa mtaa kubisha hodi. Ndogo hukufikisha mapema.

Je, wajua mkwaruzo unaosikika katika "You Really Got Me" ya The Kinks, wimbo wa 1964, ulitoka kwenye amplifaya ndogo aina ya Elpico? Dave Davies, mpiga gita wao, aliichana karatasi ya spika yake kwa wembe. Usiige. Spika ni ghali.

Je, wajua Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme? Enzi zake za mwanzo transista ilikuwa haijaingia kwenye amplifaya za gita. Ilibuniwa mwishoni mwa 1947, na iliwachukua wahandisi miaka mingi kuifikisha huko. Gita la umeme la miaka ya 1950, liwe la Kilindini au la Chicago, halikuwa na njia nyingine ya kusema ila kupitia kioo chenye moto.

Je, wajua redio kuukuu ya babu yaweza kuwa nusu ya amplifaya? Redio za Ulaya za wakati ule, zile za sanduku la mbao zilizohitaji kungojewa zipate moto, nyingi zilikuwa na EL84 ya kusukuma spika, na nyuma zikawa na tundu la gramafoni. Fundi mzuri huokoa valvu, transfoma na hata sanduku.

Lakini kabla ya kuichokonoa, soma herufi zilizoandikwa kwenye valvu zake. Kwa majina ya valvu za Ulaya, herufi ya kwanza ni ya moto: E ni volti 6.3, na redio ya namna hiyo kwa kawaida ina transfoma inayoitenga na umeme wa ukutani. Herufi zinazofuata ni za kazi: C ni valvu ya wavu mmoja, L ni ya kusukuma spika. Ndiyo maana ECC83 ni mbili ndani ya chupa moja (Wamarekani huiita 12AX7, ni ileile). Ukikuta valvu zinaanza na U, kama UL84, simama hapo. Hizo zilifungwa moja nyuma ya nyingine bila transfoma, na bati la redio hushikana moja kwa moja na waya wa ukutani. Ukichomeka gita, nyuzi zake zinakuwa sehemu ya umeme wa nyumba, nawe umezikumbatia. Redio hiyo iwekee maua juu.

Je, wajua transfoma ya Marekani yaweza kuungua hapa hata ukiipa volti zake 120? Imesukwa kwa hezi 60; yetu ni 50, na ile iliyobaniwa chuma hupata moto kupita kiasi. Agiza ya volti 240, hezi 50.

Je, wajua spika haifungwi moja kwa moja kwenye valvu? 6V6 moja hupenda mzigo wa omu 5,000 hivi, spika ina 8. Transfoma ya kutolea sauti ndiyo mkalimani wao: mizunguko 25 upande mmoja kwa 1 upande wa pili. Ukiwasha na kupiga bila spika, mkalimani huyo anaweza kufa.

Je, wajua kuchomoa plagi si usalama? Kapasita, zile zinazohifadhi umeme ndani ya amplifaya, zinaweza kubaki na volti mia tatu muda mrefu, hasa valvu zikiwa zimechomolewa au zimekufa. Mafundi hufunga rezista ya kuzimwaga, kisha hupima kwa mita, mkono mmoja ukiwa mfukoni.

Je, wajua valvu iliyopasuka hujitangaza yenyewe? Lile doa la rangi ya fedha lililo ndani ya chupa huwa jeupe kama chokaa hewa ikiingia. Mpya bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China.

Na je, wajua stima ikikatika katikati ya wimbo amplifaya ya valvu hainyamazi papo hapo? Kathodi bado ina moto, kapasita bado zina akiba, na gita huendelea sekunde moja mbili gizani, likififia kama mtu anayeondoka akizungumza. Stima ikirudi utangoja nusu dakika ipate moto tena. Jirani wa transista atakuwa ameshaanza.