Mgeni wa kujitolea na ukweli wa mwenyeji

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hufunzwa shuleni mara nyingi, ila ni nadra kuulizwa swali la pili: mgeni mwenyewe naye atahifadhiwa na nani? Swali hili lawahusu walimu na wanafunzi wa Kajiado, kwa kuwa vijana wa ng'ambo hufika Kitengela na viunga vyake kufundisha na kusaidia katika makao ya watoto. Desturi hiyo ina umri. Shirika la VSO la Uingereza lilianzishwa mwaka wa 1958, na Peace Corps la Marekani likafuata mwaka wa 1961.

Kijana huyo huja na chanjo mwilini na kijitabu cha maonyo mkobani. Akikosacho aghalabu ni lugha. Nionavyo mimi, lugha ndiyo kinga yake ya kwanza, na mwenye kumpa kinga hiyo ni mwenyeji.

Tulitazame neno "homa". Katika mazungumzo yetu homa yaweza kuwa joto la mwili, mafua au hata malaria. Mgeni aambiwaye "ni homa tu" huenda akajilaza akingoja ipoe. Ni kweli kwamba malaria si tishio kubwa Kitengela kama ilivyo Pwani au kandokando ya Ziwa Viktoria. Lakini mgeni huyo huyo huzuru Mombasa au Kisumu wakati wa likizo, na ugonjwa waweza kujitokeza majuma kadhaa baadaye, pengine akiwa amekwisha kurejea kwao. Basi na afunzwe kusema bayana: nina joto jingi, nimetoka mahali fulani, naomba kupimwa damu.

Neno la pili ni "safi". Katiba yetu ya mwaka wa 2010 yataja haki ya maji safi na salama. Hayo ni maneno mawili, wala si takriri. Jina Kajiado latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto mrefu, ilhali wakazi wengi leo hutegemea visima vilivyochimbwa kwa mitambo. Maji ya baadhi ya visima hivyo yana madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Katika bilauri maji hayo hung'aa. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi.

Neno la tatu ni "karibu". Mgeni hukaribishwa kwa maziwa ya kibuyu, nayo maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa bruselosi, unaotoka kwa mifugo. Mwenyeji hunyamaza kwa ukarimu, mgeni hunywa kwa adabu, na madhara hupita katikati ya heshima zao. Sentensi moja ya upole, "Ahsante mama, naomba yaliyochemshwa," ingaliwaokoa wote wawili.

Ndivyo ilivyo na njiani. Mwenyeji ndiye ajuaye kwamba bodaboda haipandwi bila kofia ngumu, na kwamba aliyeumwa na mbwa huosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha hukimbilia chanjo ya kichaa cha mbwa. Ndiye ajuaye pia kwamba upande wa kusini wa Mbuga ya Nairobi hauna ua kamili. Mwezi Juni 2012 wakazi wa Kitengela waliwaua simba 6 waliokuwa wamevamia mifugo yao. Kutembea nyikani jioni si matembezi ya kujiburudisha.

Hata hivyo, liko jambo zito zaidi. Floridi huharibu meno yanapokuwa yangali yakiumbika ufizini. Mgeni mtu mzima atakunywa maji yetu miezi mitatu na kurudi kwao na meno yake meupe. Mwanafunzi wa darasa la kwanza atabaki hapa na tangi lile lile, na baada ya miaka michache ataziba mdomo kwa kiganja kila acheke. Shule inayomnunulia mgeni maji ya chupa na kumwacha mtoto kwenye bomba bila kuyapima inafunza somo lisilo katika ratiba: kwamba uhai wa mmoja una thamani kuliko wa mwingine.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Mwalimu wa Kiswahili na ampe mgeni saa chache katika juma la kwanza, wanafunzi wakiwa wakufunzi, ajifunze maneno ya maradhi na hatari kabla ya nyimbo. Pili, maji ya shule yapimwe, na matokeo yabandikwe ubaoni kila mtu ayasome. Pale floridi ilipozidi, maji ya mvua yavunwe paani na kuchemshwa, yanywewe na wote.

Mgeni aliyeambiwa ukweli hupona. Na mwenyeji aliyeusema ukweli huo kwa sauti, naye hana budi kuusikia.