Ahadi Isiyoandikwa: Kazi ya Mtandaoni na Afya ya Moyo

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashushwa)

MTANGAZAJI: Kipindi hiki ni chenu, nyinyi mlio Kenya, Uganda na Tanzania. Leo ninaongea na wewe unayefanya kazi kwa simu au kompyuta, mwajiri akiwa ng'ambo. Ninaongea pia na wewe mama unayeona mwanao amenyamaza tangu apate kazi hiyo.

Kila kazi ina mikataba miwili. Wa kwanza ni ule wa karatasi. Wa pili uko moyoni: nikijituma, nitapewa kazi zaidi, nikikosea, nitaelezwa. Mtaalamu wa Marekani, Denise Rousseau, aliandika juu ya mkataba huu wa pili mwaka 1989. Ukivunjika, mtu huumia kama aliyesalitiwa, hata kama hakuna sheria iliyovunjwa.

Yalinikuta mimi. Nilipata kazi ya kusikiliza sauti za Kiswahili na kuziandika. Ujumbe ulisema kazi "ni nyingi." Nikaacha kibanda changu cha kuchaji simu. Wiki ya tatu, kimya. Faili zangu za mwisho zilirudishwa na neno moja: haikubaliki. Nikaamini kosa ni Kiswahili changu cha Uvira. Nikaona aibu hata kula na wenzangu. Baadaye nikajua kwamba mradi wote ulikuwa umekwisha, na sote tulikuwa tumenyamaziwa.

Kwa fundi cherehani ungeona uso wa bosi, ungemuuliza jirani. Kwenye simu uko peke yako, na mtu aliyekosa jibu hujijibu mwenyewe, mara nyingi kwa kujilaumu.

Kuna pia suala la saa. Mwajiri wa California akifungua ofisi saa 3 asubuhi, miezi ya kiangazi chao, kwetu ni saa 1 usiku. Akifunga saa 11 jioni, kwetu ni saa 9 usiku. Usipoweka mpaka, usingizi unakwisha.

(Muziki mfupi)

Shirika la Afya Duniani linataja dalili 3 za mtu aliyechoshwa na kazi kupita kiasi: nguvu kumwishia, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hafanyi lolote la maana. Ukiziona, usiseme ni uvivu.

Sasa tufanye nini? Kabla ya kuanza, uliza mambo 4, na majibu yawe kwa maandishi.

Kwanza: kazi ni kiasi gani kwa wiki, na itaisha lini?

Pili: ninalipwa kwa saa ya sauti au kwa saa ya kazi? Saa 1 ya sauti safi inaweza kukuchukua saa 4 au zaidi kuiandika. Gawanya malipo hayo kwa saa zako, kisha toa pesa ya bando.

Tatu: kazi ikirudishwa, nimuulize nani?

Nne: malipo yanapitia wapi, na kitambulisho changu cha mkimbizi kinakubalika huko? Wengi wetu tumemaliza kazi, pesa ikakwama hapo.

Asipojibu, umeshajua mapema. Usiache kibarua chako cha zamani mpaka malipo ya kwanza yafike mkononi.

Tafuta wenzako 2 au 3 wa kazi hiyohiyo. Kazi ikirudishwa, ulizaneni kwanza kabla ya kujihukumu. Waeleze na nyumbani, maana wanaodhani unalipwa dola kila siku watakuongezea mzigo bila kujua. Na kama usingizi umepotea wiki 2, nenda kliniki, omba kuonana na mshauri.

Mama unayenisikiliza, usimuulize mwanao amepata ngapi. Muulize amelala saa ngapi.

Tukutane kipindi kijacho, Mungu akipenda.

(Muziki wa kufunga)