Mashine ya kufyonza vumbi kwa nyumba yenye paka na kuku: tazama haya kabla ya kutoa hela

Desemba iliyopita kaka yangu alinunua mashine ya kufyonza vumbi, akaipakia kwenye gari ikiwa bado ndani ya boksi lake, tukaondoka Sumbawanga kwenda nyumbani Wampembe. Tulipita Namanyere, tukashuka mteremko kuelekea ziwani, na njia nzima alikuwa akigeuka nyuma kuuliza kama boksi liko salama. Ilikuwa zawadi ya mama, lakini kwake ilikuwa pia dawa. Mtoto wake wa miaka 4 ana pumu, na kila akienda kwa bibi yake hukohoa usiku. Kwa bibi kuna kuku wanaolala jikoni, mbwa mmoja, na paka anayelinda dagaa wasiliwe na panya, kazi ambayo mshahara wake hujilipa mwenyewe.

Mashine ilifanya kazi siku moja. Umeme tuliuazima kwa jirani mwenye jenereta. Sebuleni, ambako sakafu ni ya saruji, ilimeza mchanga mpaka kikombe chake kikajaa ndani ya dakika chache. Ilipoingia chumba cha nyuma, chenye sakafu ya udongo, ikaanza kuchimba. Mama alisimama mlangoni akatazama shimo likiongezeka, kisha akasema, "Mwanangu, mashine yako inakula nyumba." Tulicheka sana. Usiku hatukucheka. Mtoto alikohoa kuliko siku zote, tukakesha naye na dawa yake ya kuvuta.

Kesho yake niliikagua ile mashine mchana, mlango ukiwa wazi na jua likiingia. Kaka alipoiwasha, nyuma yake kwenye matundu ya kutolea hewa niliona vumbi jembamba likitoka kama moshi. Mchanga ulibaki ndani, lile vumbi laini likarudi chumbani, tena likiwa limeinuliwa hadi usawa wa pua ya mtoto.

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Watakutajia wati, urefu wa waya na ukubwa wa kikombe. Lakini kinachomsumbua mtoto mwenye pumu hakionekani kirahisi. Wengi hudhani ni manyoya ya paka. Manyoya yenyewe yana kosa dogo. Tatizo ni protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka. Anapojilamba inakaukia kwenye manyoya, kisha inabanduka pamoja na chembe za ngozi na kuelea hewani kwa muda mrefu. Inanasa kwenye zulia, godoro, sofa na nguo. Hata paka akiondoka, inaweza kubaki ndani ya nyumba kwa miezi kadhaa. Ongeza utitiri wa vumbi unaoishi kwenye magodoro, na vumbi la kinyesi cha kuku kilichokauka, utaelewa kwa nini fagio la chelewa likipita kavukavu mtoto anaanza kupiga chafya.

Mashine hizi zenyewe zina historia na kifua kibovu. Mwaka 1907, mjini Canton, jimbo la Ohio nchini Marekani, mhudumu wa usafi aliyeitwa James Murray Spangler alikuwa akisumbuliwa na pumu, akahisi kwamba vumbi analolitimua kazini ndilo linalomuumiza. Akaunganisha feni, mpini wa fagio na foronya ya mto, akapata kitu kinachovuta vumbi badala ya kulitawanya. Mwaka 1908 alipata hataza ya mashine yake, na baadaye haki hizo zikaenda kwa familia ya Hoover. Foronya ile ndiyo iliyokuwa chujio. Zaidi ya karne imepita, na swali la kumuuliza muuzaji bado ni lilelile: hewa ikishaingia, inachujwa na nini kabla ya kutoka?

Jibu unalolitaka ni chujio la HEPA. Kwa kipimo cha Marekani, chujio hilo hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikroni 0.3, ambazo ni ndogo mara nyingi kuliko upana wa unywele. Usiridhike na boksi lililoandikwa kwamba chujio ni la "aina ya HEPA" au "linafanana na HEPA", maana maneno hayo hayana kipimo nyuma yake. Chujio lenyewe pia halisaidii kama mfuniko una nyufa na hewa inapenya pembeni. Jaribio langu ni la kienyeji na sioni aibu kulipendekeza: mwombe muuzaji amwage kiganja cha unga wa sembe sakafuni, aufyonze, nawe umulike tochi ya simu kwenye matundu ya nyuma. Ukiona ukungu, mshukuru na uondoke.

Mashine zipo za mfuko na za kikombe. Kikombe kinavutia kwa sababu hununui mifuko kila mara, lakini unapokimwaga, vumbi lote linakurudia usoni. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu ningechagua mfuko, kwa sharti moja: uwe umeshaona mifuko ya akiba ikiuzwa dukani, Sumbawanga au mahali ambapo ndugu anaweza kukutumia kwa basi. Ukikosa mifuko, mashine inageuka pambo. Ukichukua ya kikombe, kimwage nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na mtoto awe mbali.

Kichwa cha kufyonzea ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Manyoya hujisokota kwenye brashi inayozunguka mpaka ikagoma, kwa hiyo tafuta ambayo brashi yake inachomoka bila kumwita fundi. Kwa sofa na godoro unahitaji kichwa kidogo. Hapo ndipo mashine inapolipa gharama yake, maana sofa huwezi kulipiga deki. Na kama mnyama wenu ana viroboto, mashine inafyonza viroboto wakubwa pamoja na mayai yaliyo ndani ya zulia. Mtikisiko wake pia huwatoa waliojificha kwenye vifuko vyao, ndiyo maana unatakiwa kurudia kila baada ya siku chache. Mnyama mwenyewe atibiwe pia, la sivyo mnafukuzana.

Kuhusu umeme, hofu ni kubwa kuliko gharama. Mashine ya wati 1,400 ikifanya kazi nusu saa inakula uniti 0.7 za LUKU. Shida iko kwa wanaotumia sola ndogo ya taa na kuchaji simu, kwa sababu haiwezi kuisukuma kabisa. Zile za kuchaji zisizo na waya ni nyepesi na hazina kelele nyingi, ila betri huchoka na nyingi zina mvuto mdogo kwa zulia nzito. Wati nyingi nazo si ushahidi wa mvuto mkubwa. Zinakwambia tu mashine inakula umeme kiasi gani.

Tahadhari moja kwa nyumba zetu zenye majiko ya mkaa: usifyonze majivu. Kaa dogo lililofunikwa na jivu linaweza kuwasha mfuko mzima. Maji pia usiyafyonze, isipokuwa mashine imeandikwa kwamba inamudu kavu na mbichi.

Lakini je, unaihitaji kweli? Nimeulizwa swali hili na wazazi kadhaa tangu niliposimulia mkasa wetu, na jibu langu huanza na kutazama chini. Mjini Sumbawanga, ambako baridi ya Juni na Julai huwafanya watu watandike mazulia, na paka analala juu ya sofa, mashine nzuri ina kazi. Kama sakafu yako ni marumaru au saruji tupu, dekio lenye unyevu, ndoo na sabuni vinanasa vumbi laini vizuri, tena kwa bei ya chini sana. Hela ya mashine ingenunua kitambaa cha kufunikia godoro kinachozuia utitiri, au kumlipia mtoto dawa yake ya kila siku ya kuzuia pumu.

Kwa sakafu ya udongo, achana na mashine kabisa. Huko adui mwingine ni funza. Jike lake huingia kwenye ngozi ya mguu, huvimba, na mayai yake hudondoka kwenye vumbi na kukulia humohumo. Mbwa, nguruwe na paka humbeba vilevile. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, siliba sakafu mara kwa mara ili isiwe na vumbi, na mifugo ilale nje ya chumba wanacholala watoto. Sakafu ngumu ikipatikana ni kinga kubwa, hata mkianza na chumba kimoja. Na funza asitolewe kwa pini inayopita mguu hadi mguu. Mpeleke mtoto kituo cha afya.

Hata hivyo, usafi wa sakafu hauchukui nafasi ya matibabu. Mtoto mwenye pumu akianza kuhema haraka, mbavu zikabonyea ndani kila anapovuta pumzi, akashindwa kuzungumza au kunyonya, au midomo ikabadilika rangi kuwa ya bluu, usingoje asubuhi. Na kabla ya kulaumu paka, ukumbuke moshi wa kuni. Jiko lililo ndani ya chumba cha kulala litashinda mashine ya bei yoyote.

Kaka alirudi na boksi lake mjini. Alinunua chujio jipya linaloenea vizuri, na sasa mashine inafanya kazi kwenye zulia na sofa, mtoto akiwa amepelekwa kwa jirani nusu saa nzima. Ile hela aliyokuwa ameitenga kwa kifaa kingine aliituma Wampembe. Kuku wamejengewa banda nyuma ya jiko, na chumba cha nyuma kimemwagwa saruji. Pasaka tulilala huko siku tatu. Mtoto alikohoa usiku mmoja, halafu akalala.

Paka ameshatolewa jikoni, sebuleni na kwenye chumba cha watoto. Amehamia kitandani kwa bibi, na huko hakuna aliyethubutu kumfuata.