Nani Mwenye "Hakuna Matata"? Leseni za Bidhaa na Kauli ya Kiswahili

Mnamo Desemba 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha ombi la kuitaka kampuni ya Disney iachilie kauli "hakuna matata". Maelfu walitia sahihi, na wapenzi wa Kiswahili wengi walighadhibika. Ghadhabu hiyo ilikuwa na msingi, ila ilichanganya mambo mawili: kumiliki lugha na kumiliki alama ya biashara. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha.

Disney iliomba usajili huo nchini Marekani mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, ukakubaliwa mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Alama ya biashara haimpi mtu neno. Humpa haki ya kulitumia kutambulisha bidhaa za aina fulani katika nchi fulani. Msemaji na mtunzi hawaguswi. Them Mushrooms wa Mombasa walikwisha kuitumia kauli hiyo katika "Jambo Bwana" mwaka 1982, na wimbo huo ungali unaimbwa.

Faida hupatikana kwenye leseni. Mwenye alama au mchoro huandikiana mkataba na mtengenezaji: bidhaa zipi, soko lipi, miaka mingapi. Mtengenezaji hulipa mrabaha, yaani asilimia ya mauzo, na mara nyingi huahidi kima cha chini ambacho hulipwa hata bidhaa zikidoda. Sampuli sharti ziidhinishwe kwanza. Hata bustani nzima ya burudani yaweza kuendeshwa kwa leseni: Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1983, ni mali ya kampuni ya Kijapani ya Oriental Land, nayo huilipa Disney mrabaha.

Katika bustani ya Animal Kingdom kule Florida, iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, na ndani yake duka la Mombasa Marketplace. Kiswahili kimekuwa pambo la kuuzia. Hakuna amlipaye mtu mrabaha kwa pambo hilo, kwani lugha haina mwenyewe wa kutia sahihi mkataba. Hapo ndipo penye uchungu, si katika usajili wenyewe.

Je, fundi anayechapa fulana pale Kabiria? Usajili wa Marekani haumfuati hadi Nairobi. Lakini akiongeza picha ya Simba wa filamu, ameingia katika hakimiliki, ambayo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huilinda humu nchini. Na akizipeleka fulana zake kuuzwa Marekani, hata maneno matupu yaweza kumletea matata.

Tusidhani kwamba hakuna la kufanywa. Kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili jina "kikoy" huko kwao mwaka 2006, pingamizi kutoka Kenya liliwasilishwa kabla ya usajili, na kampuni ikaliacha ombi lake. Nchini Marekani pia, ombi hutangazwa na wapinzani hupewa siku 30 za kujitokeza. "Hakuna matata" ilikuwa imevuka hatua hiyo zaidi ya miaka 15 kabla ya ombi la 2018.