Kabla Hujatoa Fedha, Kitazame Kioo

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mbele ya kioo cha kompyuta, hata mwenye macho yafaa aambiwe atazame nini.

Kijana mmoja wa kijijini kwetu alifungua kibanda cha kupiga chapa na kutoa picha karibu na soko. Baba yake aliuza mbuzi wawili ili kumnunulia kioo bapa cha bei nafuu. Haikupita muda, watu wakaanza kunung'unika. Picha za arusi zilitoka zimejaa giza, hata sura ya bibi arusi haikutambulika. Kijana akadhani mashine ya kuchapa imeharibika.

Siku moja mjomba wake, fundi wa mjini, alikuja kumtembelea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu itazame picha hii umesimama, kisha uchuchumae."

Aliposimama, picha ilipauka. Alipochuchumaa, ikaingia giza.

"Umeona, mpwa wangu? Kiti chako ni kirefu, na kioo kiko chini. Wewe waiona picha imepauka, basi waitia giza. Mashine ya kuchapa haina kosa."

Namna kioo kifanyavyo kazi

Vioo bapa vingi hutumia fuwele za kioevu. Mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer ndiye aliyeandika habari za tabia yao ya ajabu mwaka 1888, mjini Prague. Nyuma ya kioo kuna taa. Mbele yake fuwele hizo hupitisha mwanga au kuuzuia, mfano wa madirisha madogo. Kioo chenye kipimo cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni 2, na kila nukta ina vidirisha vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu.

Kuna aina tatu kubwa. TN mara nyingi ndiyo rahisi, lakini rangi zake hugeuka upesi ukitazama toka juu au chini. IPS hushika rangi zake hata ukitazama toka kando, ila weusi wake hufanana na kijivu gizani. VA ina weusi mzito, lakini vitu viendavyo mbio huweza kuacha kivuli. Kwa kazi ya picha, IPS yafaa zaidi. Muulize muuzaji aina yake, au isome kwenye sanduku.

Majaribio manne dukani

Kwanza, fungua ukurasa mweupe mtupu. Tafuta madoa, nukta nyeusi, na pembe zilizoingia umanjano.

Pili, fungua ukurasa mweusi, na kama yawezekana taa za duka zizimwe. Tazama kama mwanga wavuja pembeni, au kama kuna nukta iwakayo peke yake.

Tatu, chukua picha ya mtu unayemjua vema. Itazame umeketi, umesimama, kisha toka kando. Uso ukibadilika sana, kumbuka yule bibi arusi.

Nne, soma herufi ndogo. Zikiwa na ukungu, usikilaumu kioo upesi. Huenda kompyuta haikuwekwa kwenye kipimo cha kioo chenyewe. Au waya ni wa VGA, ule wa zamani. Jaribu wa HDMI.

Hesabu za kwenye sanduku

Tofauti ya mweupe na mweusi huandikwa kwa hesabu. Kwa IPS mara nyingi ni 1000 kwa 1, kwa VA huwa 3000 kwa 1. Ukiona mamilioni, usishangilie. Hesabu hiyo hupatikana kwa kuizidisha na kuipunguza taa ya nyuma, wala si katika picha moja.

Angalia pia kwamba dukani mwanga huweza kuwa umepandishwa hadi mwisho. Kioo kikali huvutia macho, lakini ukali si uzuri wa rangi. Omba upunguzwe, ndipo uhukumu.

Na yule kijana? Hakuuza mbuzi wa tatu. Alikiinua kioo juu ya sanduku la mbao mpaka kikalingana na macho yake, akaichapa upya picha moja ya arusi. Safari hii bibi arusi alionekana. Kioo chake ni kile kile, ila sasa ajua namna ya kukitazama.