Binti Akitaka Kuwa Rubani

Mpendwa mama, binti yako wa darasa la sita akikuambia anataka kuwa rubani, utamjibu nini? Wengi wetu hapa Same hucheka, kisha tukamtuma kuchota maji. Tusiwe wepesi wa kucheka. Kipaji cha mtoto ni talanta tuliyokabidhiwa na Bwana, nasi tutaulizwa tuliitumiaje.

Ndege ndogo si jambo geni Upareni. Hapo jirani Mkomazi, palipopandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, marehemu Tony Fitzjohn, aliyefika mwaka 1989, alitumia ndege ndogo kwa doria. Na huduma ya madaktari warukao ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957, imewafikia wagonjwa wengi mahali ambapo gari hukwama.

Njia ya kupata leseni inajulikana. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa kanuni za kimataifa, anayetaka leseni ya rubani binafsi awe ametimiza miaka 17, na kwa kawaida awe ameruka saa 40. Kati ya hizo, saa 10 huruka peke yake, ikiwamo safari moja ya kilomita 270 akitua katika viwanja viwili tofauti. Hufanya pia mtihani wa sheria za anga, hali ya hewa na ramani, na lazima aweze kuzungumza Kiingereza kwenye redio. Leseni hiyo haimruhusu kurusha ndege kwa malipo. Anayetaka kuifanya kazi huendelea na leseni ya biashara, yenye saa nyingi zaidi.

Mwanafunzi hufundishwa pia kuiheshimu milima. Jua kali la mchana hufanya hewa kuwa nyepesi, na ndege hupanda kwa shida. Upepo uvukao kilele kama Shengena, chenye mita 2,462, huteremka kwa nguvu upande wa pili na kuivuta ndege chini. Ndiyo maana marubani wengi hupenda kuruka asubuhi.

Je, mwanamke anaweza? Irene Koki Mutungi wa Kenya alianza kujifunza katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya Boeing 787.

Ni kweli, ada ni kubwa, na tangawizi ya Mamba pekee haitaimaliza. Lakini yapo tunayoweza kuanza nayo leo bila fedha nyingi. Binti asome hisabati, fizikia na Kiingereza, naye apewe muda wa kusoma sawa na kaka zake. Afya yake itunzwe, maana rubani hupimwa macho, masikio na moyo. Miwani si kizuizi, lakini sikio linalotoa usaha kwa miaka laweza kumharibia usikivu. Usilitie mafuta ya kupikia. Mpeleke zahanati mapema.

Huenda asiwe rubani. Hata hivyo, hisabati aliyoisoma na sikio lililopona vitamfaa popote Mungu atakapomweka. Basi akikuambia tena, mama, keti naye umsikilize.