Dawa ya kusukutua na maji ya Kitengela

Jino huoza pale viini vya mdomoni vinapogeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi ikala madini ya jino. Floraidi iliyo katika dawa ya kusukutua husaidia madini hayo kurudi na jino kuwa gumu zaidi.

Lakini mkazi wa Kitengela au Kajiado ajiulize kwanza: maji yangu yatoka wapi? Visima virefu vingi vya huku vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yangali yanaumbika ndani ya ufizi, yaani hadi miaka minane hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo si uchafu. Kumkemea mtoto apige mswaki kwa nguvu ni kumwonea bure. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Heri mtoto anywe maji safi ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa.

Mtu mzima aweza kusukutua kwa dawa hiyo, ateme, kisha akae nusu saa bila kula wala kunywa. Mtoto wa chini ya miaka sita asipewe, kwani ataimeza.